Tupeane uzoefu: shisha imegusa vipi maisha yako au ya mtu wako wa karibu?

Habari zenu, wanajukwaa. Tanzania ilipiga marufuku shisha mwaka 2016 na Kenya ikafuata Desemba 2017, lakini uvutaji haujakoma. Saratani na magonjwa ya moyo husemwa mara nyingi. Naomba tueleze yale ya kila siku, yaani pumzi, usingizi, fedha na maelewano nyumbani.

Naanza na mdogo wangu, aliyekuwa winga wa timu ya mtaa hapa Mombasa. Alipozoea kuvuta kila jioni, alianza kuomba atolewe kabla ya mapumziko, kisha akaacha kabisa kwenda uwanjani, na wenzake aliokua nao wakawa hawamtafuti tena. Tukimsihi, hujibu kwamba maji yaliyo ndani ya chombo cha shisha yanachuja sumu. Ukweli ni kwamba maji hupoza moshi tu, ndiyo maana huvutwa kwa kina na kwa muda mrefu bila koo kuwasha. Shirika la Afya Duniani limewahi kueleza kwamba katika kikao kimoja mtu anaweza kuvuta moshi mwingi kama wa sigara 100 au zaidi.

Jibu la kwanza
Pole kwa hayo, ndugu. Nilikuwa mhudumu wa mkahawa Dubai, kazi yangu ikiwa mkaa: kuuwasha chumba cha nyuma, kuupanga kwa koleo juu ya foili inayofunika tumbaku, kisha kuvuta mara kadhaa ili moshi ukolee kabla mteja hajapelekewa. Kila usiku kichwa kiliniuma na nilihisi kichefuchefu, nikitoka nje nikapata hewa napata nafuu. Daktari alinieleza kwamba mkaa hutoa kaboni monoksaidi, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Wateja waliondoka walipotaka. Sisi tulibaki humo hadi alfajiri, na wahudumu hatutajwi kabisa shisha inapojadiliwa.

Jibu la pili
Kwetu mume wangu alihamishia shisha sebuleni, akiamini nyumbani ni salama zaidi. Mtoto wetu ana pumu, na usiku wa wageni hulala ameketi, nimemwegemeza kifuani. Baba yake sasa amekubali kuacha, ila hapati usingizi na hukasirika kwa jambo dogo. Waliopitia hali hii, mliwasaidiaje watu wenu katika majuma ya mwanzo?