Filamu ya Trumbo: kipi cha kweli, kipi cha kutungwa?

Kalamu_ya_Tandika:
Wakuu, habari za jioni. Nimemaliza kutazama Trumbo, ile ya 2015 aliyoigiza Bryan Cranston, kuhusu Dalton Trumbo, mwandishi wa skripti aliyefungwa na kunyimwa kazi Hollywood kwa sababu ya ukomunisti. Imenikaa moyoni, hasa pale anapoandika akiwa ndani ya bafu lenye maji, sigara mkononi, anakata karatasi kwa mkasi na kuzipanga upya. Mimi naandika tamthilia, na kuna moja ilirushwa bila jina langu kutokea mwishoni. Mambo yalikwenda hivyo kweli? Na yule rafiki yake mgonjwa, Arlen Hird, alikuwa nani?

Mpenda_Sinema:
Hird hakuwepo mkuu. Wamechanganya waandishi kadhaa wakapata mtu mmoja. Bafu ni kweli kabisa, picha zake zipo.

Bi_Zuhura:
Mwanangu, kiini ni cha kweli. Oktoba 1947 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, akakataa kujibu kama ni mkomunisti. Walikuwa kumi waliogoma hivyo, wakishikilia uhuru wao wa maoni kikatiba, na wote wakafungwa kwa kulidharau Bunge. Trumbo alipelekwa Ashland, Kentucky, mwaka 1950.

Hapo ndipo filamu imeniudhi. Inamwonyesha akikutana gerezani na J. Parnell Thomas, mwenyekiti wa kamati ile ile, aliyefungwa kwa ubadhirifu. Thomas alifungwa kweli, lakini Danbury, Connecticut, na waliomkuta huko ni Ring Lardner Jr. na Lester Cole, wenzake Trumbo. Kisa cha kweli kilikuwa kitamu tosha, cha nini kukihamisha? Halafu miaka Trumbo aliyoishi Mexico na familia yake wameiruka.

Ila ninalotaka ulishike ni hili: hakuna sheria iliyotungwa kuwazuia wasiandike. Wakubwa wa studio walikutana wenyewe hoteli ya Waldorf-Astoria, New York, Novemba 1947, wakatangaza kutowaajiri; ndiyo ikaitwa orodha nyeusi. Kisha Hollywood hiyo hiyo ikaendelea kununua kazi zao kwa mlango wa nyuma, kwa bei ya chini. Filamu ya Roman Holiday aliiandika Trumbo, rafiki yake Ian McLellan Hunter akaazima jina, na Oscar ya hadithi ikaenda kwa Hunter. Baadaye Hunter naye akaingia kwenye orodha nyeusi! Mwaka 1957 kwenye Oscar likaitwa jina la Robert Rich, mshindi kwa The Brave One. Ukumbini hakunyanyuka Rich yeyote, kwa sababu Rich alikuwa Trumbo. Sanamu hiyo alikabidhiwa 1975, mwaka mmoja kabla ya kufa. Ile ya Roman Holiday alipokea mjane wake, Cleo, mwaka 1993.

Mzalendo_Halisi:
Pamoja na yote, Bi Zuhura, alijiunga na chama kilichomtetea Stalin. Filamu haimbani hata kidogo kwa hilo.

Bi_Zuhura:
Kweli, haimbani, na ingefaa imbane. Lakini alijiunga 1943, Marekani na Urusi zikipigana upande mmoja, na uanachama haukuwa kosa. Tumhoji kwa maoni yake, tumpinge hata kwa ukali. Kumnyang'anya mtu kazi ya mikono yake ni jambo lingine, nami sitalikubali.

Kalamu_ya_Tandika:
Shikamoo Bi Zuhura, nashukuru sana. Nani sasa aliuvunja huo ukuta?

Bi_Zuhura:
Marahaba. Januari 1960 mwongozaji Otto Preminger alitangaza wazi kwamba Trumbo ndiye anayemwandikia filamu ya Exodus. Mwaka huo huo jina la Trumbo likaonekana kwenye Spartacus, filamu ya mwigizaji Kirk Douglas. Watu waliandamana nje ya kumbi kuipinga, na Rais Kennedy akawapita akaingia kuitazama.

Tamthilia yako hiyo, una mkataba wa maandishi? Tunza rasimu zako zote zenye tarehe, na ijayo kaisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, kabla prodyuza hajaiona.