Simu ya mzee asiyeona: Android mpya, iPhone used au abaki na kiswaswadu?

mtotowapwani: Wakuu habari za saa hizi. Mama macho yameisha kwa presha ya macho. Kiswaswadu chake cha batani anapiga kwa kupapasa, anatafuta kile kinundu kwenye 5 halafu anahesabu, ila meseji za pesa lazima asomewe na namba ya siri wajukuu wote wanaijua, hilo ndo linaniuma. Nina laki tatu, nichukue Android mpya au iPhone used?

zuwena_tz: Pole kwa mama. Mimi sioni kabisa, nimetumia zote mbili. iPhone ina VoiceOver, ile sauti inayokusomea kilichopo kwenye skrini, toka iPhone 3GS ya 2009 na haikwami, ila ile yangu Kiswahili ilikuwa inakisoma kizungu, "umepokea" inakuwa "yumepokia", mpaka urudie mara tatu ndo uelewe. Kwenye Android nimeweka eSpeak NG, programu ya kuisomesha simu kwa sauti, sauti ya kiroboti kweli lakini Kiswahili ni Kiswahili. Kama mama hajui Kiingereza sioni sababu ya iPhone.

fundi_moro: Naunga mkono, ila usimnunulie ya RAM 2GB! TalkBack, yaani msomaji wa skrini wa Android, inakuwa nzito, anagusa kimya, anagusa tena, mara kafungua kitu kingine. Tafuta 4GB. Na ujaribu hapohapo dukani, simu nyingi ukishikilia batani zote mbili za sauti sekunde tatu TalkBack inawaka.

kakaJ: Kwa viziwi pia Android iko vizuri, mdogo wangu anatumia Live Transcribe, app inayogeuza maneno kuwa maandishi, unaongea Kiswahili yeye anasoma, japo sokoni kwenye kelele inachemka.

mtotowapwani: Asanteni. Na ile menyu ya kutuma pesa?

zuwena_tz: Hapo ndo pagumu mdogo wangu, menyu inajifunga kabla hujamaliza kusikiliza. Mzoeshe taratibu, akishazoea ongeza spidi ya sauti. Na earphone ni lazima, la sivyo akiandika namba ya siri simu inaitamka na jirani anasikia.

mtotowapwani: Mrejesho: nimechukua ya 4GB. Wiki ya kwanza alitaka kuirudisha, kugusa mara mbili ili kitu kifunguke kulimshinda, vidole vyake vizito. Jana kasikiliza salio lake mwenyewe, halafu akaniambia toka nje kwanza, nabadilisha namba ya siri.