Naombeni ushauri: mota ya hatsi 50 kuipeleka 60

Wadau, niko Changamwe, nna feni ya kufyonza vumbi la mbao, mota kilowati 7.5, kibati chasema hatsi 50 (mara umeme unavyopiga kwa sekunde), mizunguko 1450 kwa dakika. Vumbi latushinda, sasa fundi ashafunga draivu (kile kifaa cha kubadilisha hatsi ili mota iongeze ama ipunguze mwendo) ataka tupandishe hadi 60, ati haina noma. Mi nasita kwa sababu volti haziwezi kupita 415 za laini, kwa hivo nguvu ya kusokota yashuka, na feni nayo ukiiongeza mwendo asilimia 20 yataka nguvu kama mara 1.7, na saa hii tu yala ampea 13 kati ya 15 za kibati. Na joto hili la Mombasa! Kubadilisha puli ili feni iende kasi pia si mzigo ni ule ule? Ama ninunue tu mota kubwa?