Biskuti laini za oti na embe: katikati mbichi, chini zinaungua. Naomba ushauri

jikoni_isevya (Tabora)
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwenye biskuti laini za oti na matunda, zile ambazo Ulaya huokwa sana kati ya Septemba na Novemba kwa matufaha na mdalasini. Hapa maembe ndiyo yanaingia sokoni, kwa hiyo nimeweka embe badala ya tufaha.

Vipimo: unga wa ngano vikombe 2, oti kikombe 1, majarini gramu 250, sukari kikombe 1, mayai 2, ndizi mbivu 2 za kuponda, embe bivu la vipande kikombe 1, bekin soda vijiko 2 vya chai. Oveni ni ya mkaa.

Zinatambaa kwenye trei, katikati hazikauki, chini nyeusi, na kuna ladha kama ya sabuni. Kesho yake mfukoni zinanata. Nataka biskuti laini ya kutafuna, isiyo keki, ikae siku 3. Nirekebishe wapi?

mwokaji_kgm (Kigoma)
Mkuu, shida kubwa ni maji. Embe bivu ni zaidi ya asilimia 80 maji, na ndizi iko kwenye asilimia 75. Ukijumlisha na ute wa mayai yako 2, donge linakuwa karibu na uji wa keki. Ukilioka mpaka katikati pakauke, pembeni pameshaungua.

Punguza maji kabla ya kuchanganya. Chukua nyama ya embe gramu 500, kata vipande vya sentimita 1, weka kwenye kikaango kipana na kijiko 1 cha mezani cha maji ya limao, moto mdogo. Geuza taratibu dakika 25 hadi 30, hadi usione maji chini na vipande vinanata. Utabaki na kama gramu 150. Acha vipoe kabisa, maana vikiwa vya moto vinayeyusha majarini. Chagua embe lisilo na nyuzi. Anayetumia tufaha la Njombe alikwaruze, kisha alikamue kwa kitambaa safi.

Vipimo vyako vina mafuta karibu sawa na unga kwa uzito, ndiyo maana zinatambaa. Jaribu hivi, kwa mizani:

Majarini au siagi gramu 115, sukari ya kahawia gramu 100, asali vijiko 2 vya mezani, kiini cha yai 1 (ute weka pembeni), ndizi iliyopondwa gramu 100, unga gramu 150, oti gramu 160, bekin soda nusu kijiko cha chai, chumvi robo kijiko, mdalasini kijiko 1 cha chai, embe lililokaushwa kikaangoni gramu 100. Zinatoka kama 19 za gramu 40.

Siagi na sukari changanya kwa mwiko hadi vishikane tu. Ukipiga kwa mashine dakika nyingi unaingiza hewa, na hewa ndiyo inayoleta keki. Weka kiini, asali na ndizi, halafu unga uliochekechwa pamoja na soda, chumvi na mdalasini. Oti na embe mwisho. Funika, acha dakika 30 mahali pa baridi. Usiruke hatua hii: oti zinanyonya maji ya ndizi na donge linashikamana. Tengeneza madonge, yabonyeze kidogo kwa sababu hayatatambaa sana.

mkaa_juu
Kwenye moto: mkaa mwingi ukae juu, theluthi mbili, chini theluthi moja, tena uliokwisha kushika majivu. Wengi wanafanya kinyume kisha wanalaumu unga. Weka trei 2, moja ndani ya nyingine, ili chini pasipigwe moto moja kwa moja. Joto liwe nyuzi 175, dakika 11 hadi 13. Vipimajoto vidogo vya oveni vipo, tafuta kimoja.

Zitoe pembeni zikiwa na rangi ya dhahabu na katikati pakionekana hapajaiva vizuri. Ziache kwenye trei dakika 10, zinamalizikia hapo. Ukisubiri zikaze ndani ya oveni, zikipoa zitakuwa ngumu.

asali_ya_miombo (Sikonge)
Kwa nini asali iwe vijiko 2 tu wakati tuko Tabora? Toa sukari yote, weka asali. Asali inavuta unyevu, biskuti haikauki.

mwokaji_kgm (Kigoma)
Ni kweli inavuta unyevu, na ndiyo sababu ipo. Lakini asali yenyewe ina maji, kama asilimia 17 hadi 20, na inabadilika rangi upesi kuliko sukari. Ukitaka asali pekee, badala ya sukari gramu 100 weka asali gramu 75 zaidi, punguza ndizi hadi gramu 70, shusha joto hadi nyuzi 160. Asali nyeusi ya miombo itafunika ladha ya embe. Mimi naona mchanganyiko ni bora. Ikiwa imeganda, weka chupa kwenye maji ya vuguvugu, usiichemshe.

jikoni_isevya (Tabora)
Asanteni sana. Ladha ya sabuni inatokana na nini? Na mawese yanafaa badala ya majarini?

mwokaji_kgm (Kigoma)
Sabuni ni soda iliyozidi. Asidi ya ndizi na asali inatosha nusu kijiko tu. Inayobaki haina cha kufanya zaidi ya kuharibu ladha na kutia weusi. Hakikisha pia ni bekin soda ya kuokea, si magadi ya kulainishia maharage. Mawese mekundu nayapenda kwenye mboga, humu hapana: rangi na harufu vinatawala.

mkaa_juu
Oti nunua zile nyembamba za kuiva haraka, zinalainika upesi. Zile nene zinataka saa 1 ya kupumzika. Pakiti zenye sukari na ladha ziache dukani.

Kunata mfukoni kunatokana na kuzifunga zikiwa na joto. Mvuke unageuka maji, na ukungu unafuata. Zipoe saa 1 kwenye waya, kisha kopo lenye mfuniko unaobana, karatasi kati ya safu. Kukiwa kukavu, zisikae wazi. Zikianza kukauka, weka kipande cha mkate koponi usiku mmoja. Mvua zikishaanza usizidishe siku 3. Oka chache, donge lililobaki liweke kwenye friza likiwa limeshakatwa, ongeza dakika 2 siku ya kuoka.