Hii picha ya "jumba la Malkia Esta" ni ya wapi kweli? Kastama anataka bango Ijumaa

FremuKondele
Wadau habari. Nko na kaduka ka fremu na kuprinti mabango hapa Kondele, najua hapa kuna watu wa historia, nisaidieni mbio mbio.

Kuna mama wa kanisa amenitumia picha ya zamani kwa WhatsApp, nyeusi na nyeupe, anataka niiweke kwa bango la mita mbili kwa moja, wataitundika mbele wakianza semina ya wamama ya kitabu cha Esta. Chini imeandikwa "Jumba la Malkia Esta, Uajemi, 1800". Kwa picha kuna nguzo ndefu nyembamba kama za stima, zimesimama tu bila paa, halafu kando kuna lango la mawe lenye ng'ombe mkubwa amechongwa, uso umevunjika, na wazee wawili wa kofia ndefu nyeusi wameketi chini ya huyo ng'ombe wanakaa kama siafu. Nikatafuta Google nikapata picha kumi za mahali hapo hapo lakini hazifanani, moja iko na nguzo nyingi zaidi, ingine iko na nyumba nzima imeezekwa, ingine imechorwa na mkono. Sasa sijui gani ni ya ukweli. Ni wapi hapo, ni ya lini, na nikiprinti kuna mtu atakuja kunidai? Tena nikiivuta kwa komputa inakuwa maboksi maboksi tu. Amelipa nusu na bango linatakiwa Ijumaa jioni.

Jamaa_wa_Manyatta
Hio si ni Ugiriki omera, nguzo kama hizo ziko kwa kalenda ya kinyozi wangu

mwalimu_wa_Shinyalu
Mulembe. Si Ugiriki. Ng'ombe wa mawe langoni na wazee wa kofia za Kiajemi, hapo ni Persepolis, Iran, kama kilomita 60 hivi kutoka mji wa Shiraz. Wenyeji wanapaita Takht-e Jamshid, yaani kiti cha enzi cha Jamshid, mfalme wa hadithi zao za kale, kwa sababu watu walishasahau nani alijenga wakabaki na hadithi. Aliyejenga ni mfalme wa Uajemi Dario wa Kwanza, alianza kama mwaka 518 KK, na mwanawe Xerxes akaendeleza. Ukumbi mkubwa wanaouita Apadana ulikuwa na nguzo 72, kila moja karibu mita 20, sasa zimesimama 13. Mwaka 330 KK Aleksanda akaja na jeshi lake, pakachomwa.

Sasa kuhusu Esta, hapo mwambie mama pole pole. Biblia yenyewe kwenye sura ya kwanza inasema mfalme Ahasuero alikuwa Shushani ngomeni. Shushani ni Susa, mji mwingine kabisa, uko kusini magharibi mwa Iran, siku hizi unaitwa Shush. Wafalme wa Uajemi hawakuwa na mji mkuu mmoja, walikuwa na Susa, Ekbatana, Babeli, Persepolis, wanahama hama kulingana na majira. Lakini hajakosea sana mama wa watu, wasomi wengi wanasema Ahasuero wa Biblia ndiye huyo Xerxes, na hilo lango la ng'ombe kwenye picha yako ni Xerxes huyo huyo alijenga, linaitwa Lango la Mataifa Yote. Mwenye nyumba ni yule yule, nyumba ndiyo ingine.

Na hiyo "1800" futa leo leo. Kamera ilitangazwa kwa ulimwengu mwaka 1839, picha ya kupigwa ya 1800 haiwezi kuwa.

FremuKondele
Eeeh mwalimu asante sana. Sasa kama si 1800 ni lini? Ju mama anataka mwaka uandikwe, anasema wamama wakiona mwaka wanaamini.

NyarDunga
Hapo nikusaidie, mimi nakusanya picha za kale za ziwa na reli na huo ugonjwa wa kutaka kujua picha ni ya lini umeniingia. Usiangalie maandishi ya chini, hayo mtu yeyote anaweza kuandika, angalia vitu vyenyewe.

Ile yenye nguzo nyingi, kama ni mchoro usishangae. Mtaliano Pietro della Valle alifika 1621 akahesabu nguzo 25 zimesimama. Kwa hivyo kila mchoro uko na hesabu yake kulingana na mwaka, zilikuwa zinaanguka. Cornelis de Bruijn, Mholanzi, alichora 1704 na 1705, na Wafaransa wawili Flandin na Coste walichora 1840 na 1841, kazi yao ni safi kabisa, ukiona mchoro wa laini nyembamba unapendeza mara nyingi ni wao. Kuna pia michoro ya watu waliojaribu kuonyesha venye jumba lilikaa likiwa zima, kama ya Charles Chipiez, hizo ndio zimejaa nguzo na rangi na wafalme, hizo si ushahidi wa kitu, ni makisio ya msanifu.

Picha za kamera zilianza na Luigi Pesce, afisa Mtaliano aliyekuwa anafunza jeshi la Shah, yaani mfalme wa Uajemi, alipiga huko Persepolis miaka ya 1850 mwishoni akampa Shah albamu. Halafu Franz Stolze, Mjerumani, kitabu chake cha mapicha kilitoka 1882. Halafu Sevruguin wa Tehran, huyo studio yake iliharibiwa 1908 na negativu nyingi za vioo zikapotea, nikikumbuka hiyo roho inaniuma.

Sasa ile yenye nyumba imeezekwa ni ya baadaye, ju walioezeka ni wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Chicago. Walianza 1931 chini ya Ernst Herzfeld, wakajenga upya sehemu ya jumba moja ili wakae humo wakifanya kazi. Ukiona paa, hio picha si ya karne ya 19. Ukiona imepigwa kutoka juu kwa ndege, hio ni miaka ya 1930 ya Erich Schmidt, aliyemrithi Herzfeld. Yako haina paa, kwa hivyo kuna uwezekano mkubwa ni kabla ya hapo.

Na kuna kitu kingine, angalia ukuta wa ndani wa lango. Kama unaona jina STANLEY limechongwa kwa herufi kubwa, picha ni baada ya 1870.

Jamaa_wa_Manyatta
Stanley gani? Si yule wa Livingstone??

NyarDunga
Huyo huyo omera! Alipita Uajemi 1870 akitumwa na gazeti lake, akachonga jina lake na la gazeti, New York Herald, na mwaka, kwa lango la mfalme kama kijana wa darasa la nane anachonga dawati. Kutoka hapo akaenda Bombay, akaja Zanzibar, 1871 akampata Livingstone Ujiji, na 1875 akarudi akazunguka ziwa letu hili la Victoria na mashua yake. Yaani mtu aliyepita Nyanza kwa maji jina lake liko Persepolis hadi leo. Na si yeye peke yake, lango limejaa majina ya wazungu, kila mtu alitaka kuonekana alifika.

ShemejiNakuru
Hii tred imenifurahisha, nilikuwa nangoja chai nikasahau chai. Niko karibu na Hyrax Hill hapa, ile kilima Mary Leakey, yule mtafiti wa mambo ya kale, alichimba 1937, na ukifikiria ni mwaka huo huo Schmidt alikuwa Persepolis anachimba na kupiga picha na ndege, kumbe hata mashimo yetu na yao ni ya umri mmoja.

Lakini kitu nataka kuongeza, kuna ngazi za mashariki za Apadana, zile zenye mataifa yote yanaleta zawadi kwa mfalme, makundi 23 yamechongwa. Hizo hautaziona kwa picha za Pesce ama za Stolze ju zilikuwa zimefunikwa na udongo mpaka Herzfeld akazifukua mwanzo wa miaka ya 1930, ndio maana ziko safi hivyo, mchanga ulizifunika kama blanketi karne na karne. Ngazi za kaskazini ndio zilibaki nje, jua na mvua na watu wakazila.

Na kundi la mwisho kabisa kwa hizo ngazi ni Waafrika. Watu wa Kushi, kusini ya Misri, nywele za kujikunja, wameleta pembe ya ndovu, na mnyama ambaye wasomi bado wanabishana, wengine twiga, wengine okapi. Mimi nimeangalia hio mnyama kama mara hamsini, mgongo wake umeteremka nyuma, shingo si ndefu, naona ni okapi, lakini mke wangu anasema ni ndama ya twiga na yeye amekulia Naivasha kwa hivyo siwezi bishana. Kama ningekuwa huyo mama ningetaka hao kwa bango.

PikseliMtaani
Sasa tuongee kazi, ju hii historia yote haitaprinti bango. Hio faili ya WhatsApp itupe. WhatsApp inaibana picha, ndio unaona maboksi. Bango la mita mbili ni kama inchi 79, ukitaka hata doti 72 tu kwa inchi unahitaji kama pikseli 5,700 upana. Watu wanakaa mbali kanisani, hata 4,000 itakubali, lakini ya WhatsApp utaaibika. Enda tovuti ya Metropolitan Museum ya New York, wako na albamu ya Pesce, na picha zao za vitu vya zamani hivi wameachilia mtu yeyote atumie bure, ushushe faili kubwa. Wikimedia Commons pia ziko, soma tu pale chini imeandikwa nini. Picha ya miaka ya 1850 mwenyewe ashakufa zamani, hakuna atakayekudai. Zile za Chicago za miaka ya 1930 usiguse bila kuuliza.

Na tafadhali, TAFADHALI, usiipitishe kwa hizo programu za kuongeza rangi na kunoa sura. Niliona jamaa akifanya hivyo na picha ya babu wa watu, ikamtengenezea babu meno mapya. Hapo kwa ng'ombe itaunda uso ambao haujawahi kuwa, na mawe itayapaka kahawia, wakati Persepolis yenyewe ilipakwa rangi, buluu na nyekundu na kijani, mabaki yake yamepatikana kwa mawe. Acha nyeusi na nyeupe. Na ukituma faili kwa mashine, tuma kama dokumenti, usitume kama picha.

FremuKondele
Wakuu nimerudi. Nilivuta ile picha yake kutafuta Stanley, sikuona Stanley, niliona ukungu. Nikashusha ya Pesce kule Met, inakaa poa, mpaka nyufa za nguzo unaziona.

Mama akaja jana jioni na mwenzake. Nikamwambia yote, nikamwambia hapa si kwa Esta, Esta alikuwa Shushani. Akanyamaza. Akaniuliza, na hio Shushani yenyewe hauna picha yake nguzo zikiwa zimesimama?

mwalimu_wa_Shinyalu
Atangoja sana. Za Susa zilianguka, zimebaki misingi na vipande. Kichwa kimoja kizuri cha nguzo, chenye mafahali wawili wamepeana migongo, kilichukuliwa na Wafaransa, kiko makumbusho ya Louvre, Paris.

FremuKondele
Ndio hivyo nilimwambia, kwamba huko zimelala chini. Akaangalia mwenzake, akasema basi semina ya wamama hatuwezi weka nguzo zimelala, weka hizi zimesimama lakini chini uandike ukweli. Sasa chini imeandikwa "Persepolis, Uajemi. Mji wa mfalme Ahasuero. Picha ya miaka ya 1850". Mwenzake akataka tuongeze "Esta hakukaa hapa", mama akakataa, wakabishana dukani dakika kumi, mama akashinda.

Balansi amelipa yote. Ero kamano wote. Mwalimu leta namba kwa inboksi nikutumie ya soda.

mwalimu_wa_Shinyalu
Soda wacha. Nitumie ile faili kubwa, kidato cha pili wana somo la Uajemi wiki ijayo na kitabu chao kina kapicha kadogo kama stempu. Na utume kama dokumenti.