Daktari anataka kumkata binti yangu kinyama cha ngozi. Nikubali?

Mama Wawili, Umoja: Hamjambo wenzangu. Nisaidieni, sina raha. Binti yangu wa miaka 7 ana madoa mapajani na matakoni, yanamwasha usiku kucha. Daktari wa kwanza alituambia ni ukurutu, wa pili akakataa. Sasa daktari wa ngozi anataka biopsi Alhamisi: ganzi, akate kinyama, kipelekwe maabara. Kovu kwa msichana jamani! Na si hukatwa wenye saratani? Kuna aliyekataa na mtoto akapona?

Kamau wa Githurai: Pole mama. Mimi nilikatwa mgongoni, kifaa cha duara cha milimita 4, nyuzi mbili basi. Kilichoniuma ni bili. Hadi leo nikivua shati mke wangu hulitafuta kovu halioni.

Shosho Dagoretti: Siku hizi mnakimbilia visu. Chemsha mwarobaini aoge, sabuni za manukato tupa. Sisi tulilea tisa.

Nesi Mstaafu: Mama Wawili, biopsi si tangazo la saratani. Ukurutu wa watoto kwa kawaida hutambuliwa kwa macho, haukatwi. Kukata huja pale ugonjwa unapochanganya, dawa sahihi inapogonga mwamba, au kukiwa na malengelenge, madoa ya damu chini ya ngozi, au mabaka meupe yasiyoondoka, ambayo mara chache huwa limfoma ya ngozi, aina ya saratani. Amekuwa akipakwa nini?

Mama Wawili, Umoja: Mafuta tu ya kawaida.

Nesi Mstaafu: Yapi? Soma tyubu.

Mama Wawili, Umoja: Clobetasol. Nilinunua River Road bila karatasi ya daktari, tangu Krismasi. Lakini msinihukumu. Mtoto alikuwa akijikuna hadi shuka inashika damu, nikimpaka analala. Mngekuwa mimi mngefanyaje? Daktari hakuuliza, nami sikuona haja ya kusema. Na nishawaandikia mapokezi kwamba Alhamisi hatuji.

Mwinjilisti wa Pipeline: Dada, mficha uchi hazai. Daktari ukimnyima ukweli unamtaka akutibie nini?

Jicho la Kayole: Hii stori ni ya kutunga. Juzi kwenye uzi wa karo huyu huyu aliandika mtoto wake yuko PP1. PP1 ni chekechea, miaka 4. Leo ana 7? Tunachezewa.

Kamau wa Githurai: Eh, hata mimi nakumbuka hiyo ya PP1.

Mama Wawili, Umoja: Si jina langu ni Mama Wawili! Wa PP1 ni kaka yake. Wanalala kitanda kimoja, na yeye ametokewa na kiduara mkononi, ukingo umeinuka na una magamba, katikati pasafi. Nitunge mambo ya watoto wangu ili nipate nini?

Nesi Mstaafu: Hicho kiduara ndicho ungeanza nacho! Ukurutu hauambukizi, mashilingi, yaani kuvu ya ngozi, yanaambukiza. Clobetasol ni miongoni mwa steroidi kali kabisa za kupaka. Inatuliza mwasho huku kuvu ikienea, na ule ukingo unafifia hadi daktari mzuri anababaika. Tena inabadilisha kile maabara wanachokiona kwenye kinyama, ndiyo maana mara nyingi hutaka ipumzishwe wiki 2 hivi kwanza. Kwa hiyo kuahirisha huenda kukafaa, ila si kwa ajili ya kovu. Piga simu asubuhi, mwambie daktari yote, wapeleke wote wawili na tyubu yenyewe. Muulize kama ataanza kwa kukwangua magamba ayaangalie kwa hadubini, hakuna sindano hapo. Dawa uliyoitumia muda wote huo usiikate ghafla kabla hajakuelekeza. Na akisema bado kinyama kikatwe, mama, mruhusu.

Mama Wawili, Umoja: Sawa, nitapiga. Na huyu mdogo nimpake nini usiku huu?

Nesi Mstaafu: Usimpake chochote hadi akwanguliwe. Watenganishe kitanda, na kila mmoja awe na taulo lake.