Mwajiri ameniongezea mshahara ili nisiondoke: nibaki au niende?

Hesabu za Jioni (mleta mada)

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Mimi ni mhasibu, na nimekuwa na mwajiri wangu wa sasa kwa miaka 6. Hivi karibuni nimepata kazi kwingine, kwa hiyo siku ya Jumatatu asubuhi nilikabidhi barua ya kuacha kazi. Jumatano meneja wangu aliniita, akafunga mlango, akaniwekea mezani barua yenye nyongeza ya asilimia 25 na kuniomba niiondoe barua yangu. Nimepewa hadi Ijumaa saa nne asubuhi niwe nimetoa jibu. Kule ninakotakiwa mshahara unazidi kidogo huu niliopandishiwa. Ninaomba mnisaidie kulinganisha, kwa sababu kila nikikaribia kuamua, upande wa pili unanivuta.

Kalamu Nyekundu

Ndugu mleta mada, pole kwa mzigo huo, lakini maelezo uliyotupa hayatoshi kulinganisha chochote. "Unazidi kidogo" ni kiasi gani, na ni kabla ya makato au baada yake? Nyongeza ya asilimia 25 imewekwa kwenye mshahara wa msingi au imeandikwa kama posho? Umeshasaini mkataba wa kule, au mkononi una barua ya ofa tu? Kisha kuna jambo ambalo hukuligusa hata kwa neno moja, nalo kwangu ndilo la kwanza: ni nini kilichokufanya uanze kutafuta kazi nyingine? Bila jibu la swali hilo tutakuwa tunapima mshahara kwa mshahara, ilhali huenda si mshahara uliokuondoa.

Mama wa Daftari

Mwanangu, wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Hapo ulipo unafahamika. Ukiugua siku tatu hakuna atakayekutilia shaka, na mfumo wa hesabu unaujua kama kiganja chako. Kule utaanza upya na kipindi cha majaribio, ambapo kukuachisha ni rahisi na notisi huwa fupi. Mimi niliwahi kupewa ofa ya kubaki, nikabaki, na nilikaa miaka 9 mingine nikapanda cheo mara mbili. Si kila mwajiri anayekuongezea mshahara ana nia mbaya. Wengine wanakuwa hawajatambua thamani yako mpaka waione barua.

Mzigo Mwepesi

Mama wa Daftari, kwa heshima zote, ninaomba kueleza yaliyonipata, kwa sababu nami niliambiwa maneno hayo hayo ya mbachao na msala.

Nilikuwa nikisimamia kumbukumbu za ghala katika kampuni ambayo sitaitaja. Nilipowasilisha barua ya kuacha kazi, bosi wangu alinishika mkono akasema kwamba mimi ni mtu wa nyumbani na nyumba haiachwi kwa hasira. Niliongezewa asilimia 30. Nikawapigia simu wale walionipa kazi mpya kuwaomba radhi. Yule mama aliyenifanyia usaili alinyamaza kidogo, akanishukuru kwa kumjulisha, akakata simu. Mwezi wa kwanza na wa pili mshahara uliingia kama tulivyokubaliana, nami nikajiona nimefanya busara.

Mwezi wa tatu aliletwa kijana wa kunisaidia. Nilifurahi, kwa maana kwa muda mrefu nilikuwa nikiomba msaidizi. Niliagizwa niandike kila hatua ya kazi yangu, kuanzia kupokea mzigo, kuulinganisha na hati ya kuletea bidhaa, mpaka kuhesabu mali ya mwisho wa mwaka, na niliandika kurasa 42 kwa moyo mweupe kabisa. Ulipofika wakati wa nyongeza za mwaka wenzangu wote walipata, mimi nikaambiwa kwamba yangu nililipwa mapema. Mwezi wa tisa nilipewa barua ya kunijulisha kwamba nafasi yangu imeunganishwa na nyingine, na aliyekuwa anaikalia nafasi hiyo iliyounganishwa ni yule kijana, akiwa na faili langu mezani.

Kilichoniumiza zaidi kilikuja kwenye hesabu ya stahili zangu. Kiinua mgongo kilihesabiwa kwa mshahara wa msingi, kama mkataba ulivyosema, na nyongeza yangu yote ilikuwa imeandikwa kama posho, kwa hiyo haikuingia hata senti moja. Nilipowapigia wale niliowakataa, nafasi ilikuwa imeshajazwa. Baada ya hapo nilikaa miezi 5 bila kazi.

Msomaji wa Mikataba

Pole sana, ndugu Mzigo Mwepesi. Hata hivyo, kosa unalolieleza si kubaki peke yake. Ni kubaki bila kusoma nyongeza imeandikwa wapi. Mleta mada, angalia pia kama barua ya nyongeza inasema wazi kwamba barua yako ya kuacha kazi imeondolewa na mwajiri amekubali iondolewe, na kwamba miaka yako 6 inaendelea kuhesabiwa bila kukatika. Usipopata maandishi hayo, siku za notisi ulizotoa zinaweza kuendelea kusogea huku wewe ukiamini kwamba mambo yamekwisha.

Hesabu za Jioni (mleta mada)

Ninawashukuru nyote, na ninaomba radhi kwa kuficha mambo muhimu. Tuchukulie kwamba mshahara wangu wa sasa kabla ya makato ni 100, wote ukiwa wa msingi. Kule nimeahidiwa 130, yaani 110 za msingi na 20 za usafiri. Hapa nimepewa 125, ambapo msingi unabaki 100 na 25 ni "posho ya majukumu maalumu", na barua inasema kwamba posho hiyo "itapitiwa kulingana na hali ya kifedha ya kampuni". Vilevile kuna bonasi ya mshahara wa mwezi mmoja, ambayo nitairudisha yote nikiondoka kabla ya miezi 24. Mkataba wa kule sijausaini, ingawa nilijibu kwa barua pepe kwamba nimeikubali ofa yao.

Kuhusu sababu: wenzangu wawili waliondoka mwaka jana na nafasi zao hazijajazwa. Kuandaa mishahara ya wafanyakazi na kufunga hesabu za mwezi vyote vimeniangukia mimi, na wiki ya mwisho ya mwezi ninatoka ofisini saa tatu usiku. Mwanangu wa miaka 4 ananipigia kwa simu ya mama yake na kuuliza kama leo ni siku ya hesabu. Kule kazi hiyo inafanywa na watu watatu, lakini ni mbali zaidi kwa dakika 40 kwenda na dakika 40 kurudi.

Kalamu Nyekundu

Sasa umetupa kitu cha kupima. Kwa juu juu ofa hizi zinapishana kwa 5, lakini kwenye mshahara wa msingi zinapishana kwa 10, na msingi ndio ambao mara nyingi hubeba michango ya pensheni, kiinua mgongo na nyongeza za asilimia za miaka ijayo. Zile 25 za posho mwajiri amejiachia mlango wa kuzipunguza. Akiziondoa zote baada ya mwaka mmoja, utarudi kwenye 100 na bado utakuwa umefungwa na ile bonasi mpaka miezi 24 iishe. Uliza pia kama utatakiwa kurudisha kiasi kilichoingia mkononi au kiasi cha kabla ya kodi, maana watu wamewahi kujikuta wanarudisha zaidi ya walichopokea.

Kwa upande wa pili, usiudharau umbali. Dakika 80 kwa siku, kwa siku 22 za kazi, ni zaidi ya saa 29 kwa mwezi. Hizo ni zaidi ya siku tatu na nusu za kazi ambazo hakuna anayekulipa, na zile 20 za usafiri zinafidia nauli, hazifidii muda.

Mama wa Daftari

Saa hizo 29 ndizo ninazozisema. Mtoto ambaye sasa anamsubiri baba wiki moja ya mwisho wa mwezi, kule atamsubiri kila siku.

Mzigo Mwepesi

Mama, dakika 40 kila jioni si sawa na kurudi saa tatu usiku mtoto akiwa amelala. Isitoshe, barua aliyopewa haisemi neno lolote kuhusu zile nafasi mbili zilizo wazi. Wamelipia uchovu wake, hawajauondoa. Wengi wanaobaki namna hii huondoka kabla ya mwaka kwisha.

Mama wa Daftari

Hao wengi wamehesabiwa na nani? Tumesikia habari yako na yangu, nazo ni mbili tu. Waliobaki wakatulia hawaji kuandika popote, kwa sababu hawana cha kulalamikia.

Mzigo Mwepesi

Hoja yako ninaikubali, na neno "wengi" ninaliondoa. Ninachosimamia ni kwamba sababu iliyomtoa bado ipo mezani pake.

Msomaji wa Mikataba

Mimi ninarudi kwenye ile barua pepe. Kukubali ofa kwa maandishi kunaweza kuhesabiwa kuwa mkataba hata kabla ya saini, kutegemea sheria za mahali ulipo na namna ofa ilivyoandikwa. Ukiamua kubaki, waandikie mapema na kwa adabu, kabla hawajawaambia waombaji wengine kwamba nafasi imejazwa.

Njia Panda

Ninaomba kutofautiana na mwelekeo wa mjadala mzima. Aliyeahidi ameahidi. Ukitumia ofa ya watu kupandishia mshahara nyumbani kwako, umewapotezea muda wa usaili, na taaluma ya uhasibu si pana kiasi hicho, mtakutana tena.

Kalamu Nyekundu

Ndugu Njia Panda, hakutafuta ofa ili kutishia mtu; aliandika barua akimaanisha kuondoka, na mwajiri ndiye aliyekuja na karatasi nyingine. Kampuni nazo hufuta ofa zao mambo yanapobadilika. Uungwana ninaukubali, lakini usimfanye achague kazi kwa aibu.

Njia Panda

Wao kufuta hakuhalalishi sisi kufuta.

Hesabu za Jioni (mleta mada)

Nimerudi kutoka kwa meneja. Nilimwomba mambo matatu: zile 25 ziingie kwenye msingi, maandishi ya kuondolewa kwa barua yangu, na tarehe ya kuajiri angalau mtu mmoja. La pili alilikubali hapo hapo. La kwanza amesema tukutane katikati, 15 ziingie kwenye msingi na 10 zibaki posho. Kuhusu mtu wa kuajiriwa, alifungua kalenda yake, akaitazama kwa muda, akasema kwamba suala hilo linasubiri bajeti ya robo ijayo. Kesho saa nne ndiyo mwisho, na kule nako wameniandikia wakiuliza nitasaini lini.

Kalamu Nyekundu

Kwa hiyo msingi wa hapa sasa ni 115 dhidi ya 110 za kule. Hesabu imegeuka, na ni vyema tuseme hivyo waziwazi. Je, hiyo "robo ijayo" ameiandika kwenye barua, au ameisema tu?

Hesabu za Jioni (mleta mada)

Ameisema tu. Nimemtumia barua pepe nikimwomba aiandike, na mpaka sasa hajajibu.

Mzigo Mwepesi

Na hesabu za mwezi huu zinafungwa lini?

Hesabu za Jioni (mleta mada)

Jumatatu.